Klipu zote zinafanana kwenye programu ya kuediti, nachaguaje kijipicha cha kila moja?

kamera_moja

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada maana naona natumia muda mwingi kutafuta klipu kuliko kuziediti zenyewe. Nina kazi ya video ya fundi seremala, kuna mahojiano na kuna yeye akiwa kazini, kuanzia mbao mpaka kiti kinasimama. Klipu ziko nyingi, na mimi huwa nabonyeza rekodi mapema kabla sijainua kamera ili nisipitwe na kitu, sasa nikiziingiza kwenye programu kila klipu inajionyesha kwa picha yake ya kwanza ambayo ni sakafu, au kiatu changu, au giza tupu kwa sababu kifuniko cha lenzi kilikuwa hakijatoka bado. Za mahojiano ndo kabisa, uso ule ule, shati lile lile, ukuta ule ule, hujui ipi ni ile aliyoongelea gundi na ipi ni ile aliyocheka.

Kuna jamaa nimeona klipu zake zimetulia, yaani ukiangalia tu kijipicha unajua humo ndani kuna nini. Nikamuuliza akanijibu "unaset tu" afu akaendelea na mambo yake. Sasa hiyo thamneli ya klipu mnaichaguaje? Natumia Kdenlive ila kazi huwa inahamia DaVinci Resolve mwishoni kwa ajili ya rangi. Na fremu ipi ndo ya kuchagua, ile inayopendeza macho au kuna kigezo kingine? Halafu nikishachagua, hiyo picha ndo watu wataiona nikiwatumia video?

fundi_taimlaini

Mkuu hiyo ni kazi ya sekunde chache ukishajua iko wapi, tatizo wameificha kwenye menyu ambayo mtu haifungui.

Kdenlive: bofya klipu ili ifunguke kwenye monita ya klipu (angalia vizuri ni monita ya klipu, ile ya projekti haihusiki hapa), sogea mpaka fremu unayoitaka, raiti kliki juu ya picha yenyewe, shuka kwenye menyu utaona "Set current image as thumbnail". Bofya, geuka uangalie upande wa klipu zako, kiatu kimeondoka.

Resolve ni rahisi zaidi. Nenda Media Pool, weka muonekano wa vijipicha usiweke wa orodha, pitisha mausi juu ya klipu kutoka kushoto kwenda kulia bila kubofya kitu, utaona picha inakimbia humo humo ndani ya kijipicha. Ukifika pazuri tulia hapo hapo, raiti kliki, "Set Poster Frame". Premiere Pro ni hivyo hivyo na jina ni lile lile, kwenye paneli ya projekti ukiwa umeweka muonekano wa aikoni. Wale wa Avid wao hawana hata haja ya menyu, unaweka Frame view, unachagua klipu, unaicheza kwa vitufe vya J K L vya kibodi na pale utakapoisimamisha ndo picha inabaki hapo.

Zingatia kitu kimoja, hii haigusi faili lako hata kidogo. Programu inaandika tu ndani ya projekti kwamba klipu fulani ijitambulishe kwa fremu fulani, video yenyewe kwenye diski iko vile vile. Kwa hiyo cheza nayo utakavyo, badilisha hata kila siku.

Na usishangae ukienda kwenye taimlaini, kule unakopanga klipu kwa mfuatano, ukakuta bado picha ni zile za zamani. Taimlaini inafuata pale klipu ilipokatwa. Kdenlive kwenye kichwa cha treki unaweza kuchagua ionyeshe fremu ya mwanzo tu, mwanzo na mwisho, zote au isionyeshe kabisa. Resolve nayo ina mpangilio wake wa mkanda mzima au picha za pembeni tu. Hayo mambo hayana uhusiano na kijipicha ulichokichagua kule.

Bi Mkasi

Fundi amemaliza la kwanza, mimi nidandie la pili maana hapo ndo watu wengi wanapotea njia. Mdogo wangu, kijipicha cha ndani ya programu ni alama yako wewe unayeediti, hakuna mtazamaji atakayekiona, kwa hiyo ukianza kutafuta fremu nzuri kwa macho utapata ukuta wa picha nzuri zinazofanana. Tafuta fremu ambayo ipo kwenye klipu hiyo tu na haipo kwenye nyingine yoyote.

Tuchukue hizo za mahojiano. Uso hausaidii kitu kwa sababu uko kwenye zote. Ila mtu akiongea mikono nayo inaongea, kuna sehemu ameinua mkono kuonyesha urefu wa mguu wa kiti, kuna sehemu kashika kipande cha mbao, kuna sehemu kageuka anaangalia kitu nje ya fremu, kuna hiyo uliyosema amecheka. Chukua hizo. Ile ya gundi kama aliinua kopo hata kwa sekunde moja basi kijipicha chake ni kopo, umemaliza, hata ukirudi kwenye hii kazi baada ya miezi utajua. Na kama katika klipu nzima amekaa kama mlingoti hajainua hata kidole basi hapo kijipicha hakitakuokoa, andika jina.

Za kazini ndo tamu sasa. Tuseme una klipu kadhaa za kupiga randa. Zote zina mtu, meza na mbao, kwa hiyo ukichukua picha ya mbali kwa kila klipu umerudi pale pale. Kwa ile ya karibu chukua pale unyoa wa mbao unapojikunja ukitoka mdomoni mwa randa, ule mkunjo hata ukiwa mdogo kama ukucha kwenye skrini bado unausoma. Ila sasa mkono unakimbia, ukisimamisha popote unapata ukungu mtupu, na sababu yake ni hii, ukirekodi fremu 25 kwa sekunde na shata iko 1/50 ina maana kila fremu imebaki wazi kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, na mkono wenye kasi unasafiri umbali wa kutosha ndani ya muda huo. Dawa yake ni kusubiri mwisho wa mpigo. Randa ikifika mwisho wa ubao kabla haijarudishwa nyuma kuna fremu moja mbili mkono umesimama kabisa, hauendi wala haurudi. Sogea fremu moja moja kwa mshale wa kibodi, utaiona, vumbi bado liko hewani na chuma kimekaa wazi kabisa. Nyundo ni hivyo hivyo, ama iko juu kabisa ama imeshagusa, katikati hapo hakuna picha.

Macho pia. Mtu akipepesa jicho ni kama sehemu ya kumi mpaka nne ya kumi ya sekunde, yaani kwa fremu 25 ni fremu mbili tatu mpaka kumi hivi, ndo maana ukisimamisha ovyo unapata mtu kama amelala. Usihangaike kuhama sehemu, sogea mbele fremu chache tu atafumbua. Na mdomo, subiri amalize sentensi, watu wakimaliza kusema jambo wanaloliamini huwa wanatulia kidogo na sura inakaa vizuri.

Afu usichague ukiwa umeangalia kwenye monita kubwa. Kule kila kitu kinapendeza. Punguza vijipicha viwe saizi utakayokuwa unaviona wakati wa kazi, ndo uamue. Picha yenye kitu kimoja kikubwa inapona, picha yenye vitu vingi inakuwa uji.

jicho_la_tatu

Naheshimu sana mchango wa Bi Mkasi ila mi siwezi kumshauri mtu akae anachagua fremu kwa kila klipu. Piga hesabu, saa moja ya video kwa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 86,400, sasa ukianza kupitia ukitafuta mkono uliosimama utamaliza lini? Na hizi programu nyingi mausi ikipita juu ya klipu unaona yaliyomo, kijipicha cha nini tena.

Mimi nafanya hivi, klipu zinaingia, nazipa majina na rangi, mahojiano rangi moja, kazi rangi nyingine, sauti za mazingira nyingine. Kijipicha naweka kwa zile tu zinazonidanganya, yaani zinazoonyesha giza au zinazoonyesha kitu ambacho siyo kilichomo. Kwa mfano kamera inaanza kwenye dirisha afu inazunguka mpaka kwa fundi, kijipicha kinaonyesha dirisha, wewe unatafuta fundi, unaipita klipu hiyo hiyo kila siku. Hiyo naibadilisha. Iliyobaki naiacha.

Bi Mkasi

Jicho, mbona tunasema kitu kimoja, au unataka tu tubishane? 😄 Mi sijasema kila klipu. Nimesema ukichagua, chagua kinachotofautisha. Na hilo la mausi kupita juu linafanya kazi ukishajua klipu ipi uiguse, ukiwa na ukurasa mzima wa sura moja utapitisha mausi mpaka uchoke. Jina nalo zuri ila jicho linasoma picha haraka kuliko maandishi, hasa yale majina ya kamera ya herufi na tarakimu ambayo watu huwa hawayabadilishi.

Hapo kwenye kamera inayozunguka nakuunga mkono. Kwa klipu zinazosafiri chukua mwisho wa safari, kwa sababu mtu aliyezungusha kamera alikuwa anaenda mahali.

jicho_la_tatu

Haya dada nimekubali, mwisho wa safari. Lakini majina abadilishe.

kamera_moja

Aisee nashukuruni sana. Nimefanya kwenye Kdenlive imekubali, klipu za giza zote zimepata sura. Na ile ya mwisho wa mpigo wa randa nimeiona kwa macho yangu, fremu moja kabla ni ukungu, inayofuata unaona mpaka mistari ya mbao.

Sasa lile swali la tatu. Nimetoa kipande kifupi nikamtumia mwenye kazi aangalie, kwake kimefika na picha nyeusi. Mwanzo wa kipande nimeweka fedi kutoka kwenye giza. Nilidhani kile kijipicha nilichoset kingekwenda nacho, kumbe. Inakuwaje hapo?

mzee_wa_kodeki

Kijana, hapo kuna picha tatu tofauti na kila moja ina mwenyewe.

Ya kwanza ni hiyo uliyoichagua, inaishi ndani ya projekti na inakufa humo humo. Ukieksporti haiendi popote. Ya pili ni ile ambayo kompyuta au simu inaionyesha kwenye orodha ya mafaili. Hiyo inatengenezwa na simu au kompyuta yenyewe, ama inakuta kava limepachikwa ndani ya faili inalichukua, ama inajiokotea fremu mojawapo ya video. Ya tatu ni ya mtandao unakopandisha video, na huko kila mtandao una utaratibu wake.

Shida yako iko kwenye ya pili. Programu za kuchati mara nyingi zinachukua fremu ya mwanzo kabisa, na wewe fremu yako ya mwanzo ni giza kwa sababu ya fedi, kwa hiyo wamekuonyesha walichokikuta. Tiba nyepesi kuliko zote ni kuondoa hiyo fedi. Anza na picha moja kwa moja, sauti ndo uiingize taratibu kama unataka mwanzo laini, mtazamaji hataona tofauti na kijipicha kitakuwa na kitu. Wengine wanabandika picha waliyoichagua mwanzoni kwa fremu moja au mbili kabla video haijaanza, inafanya kazi ila mwenye jicho kali ataiona inamweka kama radi, na ukija kuiunganisha hiyo video na nyingine baadaye utakuwa umesahau iko pale.

Ukitaka kava la kweli ndani ya faili, MP4 inaruhusu. Tumia ffmpeg, programu ya bure unayoiendesha kwa kuandika amri, kwanza toa fremu, tuseme iko sekunde ya 12:

ffmpeg -ss 00:00:12 -i kiti.mp4 -frames:v 1 -q:v 2 kava.jpg

Kisha ipachike:

ffmpeg -i kiti.mp4 -i kava.jpg -map 0 -map 1 -c copy -c:v:1 mjpeg -disposition:v:1 attached_pic kiti_kava.mp4

Hapo video yako haijaguswa ubora, hiyo "copy" ina maana inanakiliwa kama ilivyo, inaongezwa picha tu pembeni na kupewa cheo cha kava. Hesabu inaanzia sifuri ndo maana kava ni v:1, video yenyewe ni v:0. Ukitumia MKV, aina nyingine ya faili la video, picha inaingia kama kiambatisho na jina lake linatakiwa liwe cover.jpg ili programu za kuchezea zilitambue.

Tahadhari mbili. Faili likipita kwenye programu ya kuchati linaweza kubanwa upya njiani na kava likabaki huko huko, kwa hiyo kwa kutumiana hivyo bado rudi kwenye tiba ya kwanza. Na kompyuta yako ikiendelea kuonyesha picha ya zamani baada ya kupachika usidhani imeshindikana, huwa zinahifadhi vijipicha vya zamani ili zisifanye kazi upya, badilisha jina la faili au lihamishe folda uone.

Kwa bwana jicho anayelalamika fremu 86,400, kuna njia ya kumtuma mtumishi. Ndani ya hiyo ffmpeg kuna filta inaitwa thumbnail, inachukua kundi la fremu na kuchagua ile inayowakilisha kundi zima kwa kulinganisha mgawanyo wa rangi. Hivi:

ffmpeg -i randa.mp4 -vf thumbnail=250 -fps_mode vfr chaguo_%03d.jpg

Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde utapata picha moja kwa kila sekunde kumi, unazifungua kwenye folda, unapitisha macho. Haijui kama mtu amefumba macho, inajua rangi tu, lakini giza lote na zile fremu za ajabu ajabu za mpito zinakuwa zimepungua sana.

dogo_wa_simu

Samahanini wakubwa nadandia uzi wa watu. Mi naeditia kwenye simu, CapCut, hizi raiti kliki kwangu hamna. Nafanyaje?

fundi_taimlaini

Dogo kwenye CapCut angalia mwanzo wa taimlaini upande wa kushoto, pembeni ya klipu ya kwanza kuna kitufe cha kava. Gusa hapo, unavuta mpaka fremu unayotaka au unaleta picha kutoka kwenye simu, unaweza kuandika na maneno juu yake. Ila elewa hilo ni kava la video nzima, halihusiani na kijipicha cha klipu moja moja tulichokuwa tunakiongelea huku juu. Na kama unapandisha TikTok, ukifika kwenye ukurasa wa kuposti unapewa nafasi nyingine ya kuchagua kava, usiipite haraka haraka, watu wanaoingia kwenye profaili yako hicho ndo wanachokiona.

kamera_moja

Mzee heshima yako. Nimetoa fedi, nimetuma tena, sasa inaonekana randa. Mwenye kazi kafurahi, sasa anasema akiipandisha YouTube anataka picha kali ya kiti kilichokamilika. Nimepiga skrinishoti nikampa anasema imefifia.

Bi Mkasi

Skrinishoti achana nayo kabisa. Unapiga picha ya skrini, na monita ndani ya programu mara nyingi imepunguzwa ili video icheze bila kukwama, kwa hiyo umepata picha ndogo ya picha ndogo. Toa fremu yenyewe. Kwenye Kdenlive raiti kliki kwenye monita kuna "Extract frame", inatoka kwa saizi kamili. Kwenye Resolve nenda ukurasa wa rangi, raiti kliki kwenye picha, "Grab Still", inaenda kwenye gala ya picha, ukiwa huko unaieksporti. Na huo ndo ukurasa ninaokushauri uitolee, kwa sababu kama ulirekodi kwa logi (ule mpangilio wa kamera wa rangi hafifu zinazosubiri kupakwa baadaye) fremu itatoka imepauka kama nguo iliyofuliwa sana, ukiipaka rangi kwanza ndo uitoe inatoka inafanana na video. Nadhani hilo ndo lililomkera.

YouTube wanakubali 1280 kwa 720, uwiano 16:9, upana usipungue 640. Video yako kama ni 1920 kwa 1080 unayo nafasi ndogo ya kukata pembeni, kama ulirekodi 4K ya 3840 kwa 2160 unaweza kukata mpaka ibaki theluthi moja tu ya upana na bado ukawa na 1280 kamili, kwa hiyo hata kiti kilikuwa mbali unaweza kukivuta karibu. Usipite hapo, ukipita inaanza kufifia tena. Mwambie pia akaunti lazima iwe imethibitishwa kwa namba ya simu ndo wanamruhusu kupandisha picha yake mwenyewe, la sivyo atabaki na zile wanazompendekezea kutoka ndani ya video.

Pembe ya chini kulia iache wazi. Wanaweka muda wa video pale, na watu wengi wanaandika neno la mwisho hapo hapo linazibwa. Kama mguu wa kiti unaangukia kona hiyo basi sogeza kiti kushoto. Kwa Instagram ni habari nyingine, mwaka 2025 walibadilisha gridi ya profaili kutoka mraba kwenda 3:4, na Reels yenyewe ni 9:16, kwa hiyo juu na chini panakatwa, kitu chako muhimu kikae katikati.

Na hapa kigezo kinageuka. Kule ndani ya programu nilisema usitafute uzuri. Huku mtu hajui wewe ni nani wala klipu yako ina nini, anapita tu na kidole. Kiti kilichokamilika kimekaa peke yake sakafuni ni picha ya katalogi, hakuna cha kumsimamisha. Una klipu yoyote ambayo fundi anakikagua, labda amekigeuza juu chini anaangalia kiungo?

kamera_moja

Ipo hiyo! Amekiinua kwa mkono mmoja miguu iko juu, jicho moja kafumba anaangalia kama kimenyooka. Ila sura yake imezibwa nusu na mguu wa kiti.

Bi Mkasi

Hiyo hiyo. Nusu sura na jicho moja linalopima, mwingine angelipia apate picha kama hiyo. Sogea fremu chache mbele na nyuma uone pale jicho lililo wazi limepata mwanga. Mwenye kazi akikataa, YouTube wana sehemu ya kulinganisha picha mpaka tatu kwenye video moja, aweke ya kwake na ya kwako, wao wanapima ipi imeleta muda mwingi wa kutazama.

jicho_la_tatu

Hapo nakubali mia kwa mia. Mradi picha iwe imo kwenye video kweli, wale wanaoweka picha ya kitu ambacho hakitokei popote mi nafunga sekunde ya tano, na YouTube wenyewe sheria zao zinakataza picha za kudanganya.

kamera_moja

Sawa nimewaelewa, naitoa hiyo. La mwisho wakuu kisha niwaache mpumzike, vijipicha nilivyoviweka kwenye Kdenlive nikihamia Resolve nitavikuta?

fundi_taimlaini

Hutavikuta mkuu. Kila programu inaandika kwenye projekti yake, mwenzake hasomi. Hata ndani ya Resolve yenyewe ukianzisha projekti mpya na kuingiza klipu ile ile kutoka kwenye diski, unaanza na fremu ya kwanza tena.

Ila kwa kazi yako haikupi hasara. Vijipicha unavihitaji kule unakokata, wakati bado klipu zote ziko mezani hujui ipi inaingia. Ukifika kwenye rangi unakuwa na zile tu zilizobaki kwenye taimlaini, zimeshakatwa, kiatu na sakafu vimeshatoka, na ukurasa wa rangi unazipanga kwa mfuatano wa video kama zilivyokatwa. Hapo ukiweka Poster Frame ni kwa klipu mbili tatu tu unazozirudia rudia.